Mwongozo kamili wa kulea miche ya pilipili hadi ishike shambani

Kila msimu kilio ni kilekile: "Mbegu ziliota vizuri, miche ikapendeza, nikaipeleka shambani, wiki haikuisha ikawa imekauka." Lawama huangukia mbegu, au duka la pembejeo, au jua. Kwa sehemu kubwa mche ule ulikuwa umeshaharibika kabla haujatoka kitaluni. Ulinyweshwa maji kupita kiasi, ukafichwa kivulini tangu kuota, kisha siku moja ukatupwa kwenye jua la saa saba.

Hapa nawalenga wakulima wa ukanda wa pwani ya Tanzania, Tanga hadi Mtwara, wanaolima nyuma ya nyumba au kwenye kipande cha eka. Walioko Lushoto, Njombe au Mbeya wafuate hatua hizohizo, ila wazingatie maelezo ya baridi nitakayoyataja. Mwongozo unafaa kwa hoho, pilipili ndefu, pilipili mbuzi na pilipili kichaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua pakiti

- Mbegu, pamoja na ziada ya angalau moja katika kila kumi
- Trei za miche, au makopo na chupa za nusu lita zilizotobolewa chini
- Udongo wa juu wenye rutuba, samadi iliyooza, na mchanga wa mto au pumba za mpunga zilizochomwa nusu
- Maji yasiyo na chumvi
- Neti ya kuzuia wadudu, na neti ya kivuli au makuti
- Meza au kichanja cha kuinua trei kutoka chini
- Keni ya kumwagilia yenye matundu madogo
- Mbolea ya NPK 19:19:19 ya kuyeyusha kwenye maji, na mbolea ya kupandia ya DAP kidogo kwa ajili ya mashimo
- Nyasi kavu za matandazo

Maji nayasisitiza kwa sababu Dar es Salaam na miji mingine ya pwani imejaa visima vya maji ya chumvi, na pilipili haiyawezi. Yaonje. Ukiyasikia chumvi ulimini, hayo si ya miche. Kinga maji ya mvua, au nunua madumu machache. Miche mia mbili hainywi maji mengi. Dalili za chumvi ni ncha za majani kuungua na utando mweupe kukauka juu ya udongo.

## Hatua ya 1: Hesabu kurudi nyuma

Amua kwanza utapanda shambani lini, halafu ndipo ujue siku ya kusia. Hoho na pilipili ndefu huhitaji wiki 5 hadi 6 kitaluni. Pilipili mbuzi na kichaa ni za polepole, wiki 6 hadi 8.

Kwa pwani napendelea miche iingie shambani mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yanakatika, maana yake unasia mwanzoni mwa Aprili chini ya paa. Mmea utakua na kutoa maua wakati wa kipupwe, na maua ya pilipili hupukutika joto likipanda sana, hasa likivuka nyuzi 32. Utahitaji kumwagilia, hilo ulijue mapema. Anayetegemea mvua za vuli asie mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba.

Nyanda za juu, epukeni kusia Juni na Julai kama hamna sehemu ya joto. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mbegu hulala tu, na nyingi huozea humohumo.

## Hatua ya 2: Tengeneza udongo wa kuoteshea

Changanya madebe 3 ya udongo wa juu, madebe 2 ya samadi na debe 1 la mchanga wa mto. Ukitumia pumba za mpunga zilizochomwa badala ya mchanga, mchanganyiko utakuwa mwepesi zaidi na trei haitakuwa nzito kubeba. Mchanga wa baharini usiuguse.

Samadi ndiyo inayoua wengi. Mbichi huchemka, hutoa hewa kali na kuunguza mizizi. Ipime hivi: lowanisha konzi mbili, tia kwenye chupa yenye mfuniko, funga, iache kivulini siku 3. Ukifungua ukakutana na harufu inayochoma pua, bado. Ikinukia udongo wa msituni baada ya mvua, tumia.

Kisha ua fangasi na mbegu za magugu. Mwenye nafasi ya wiki 4 hadi 6 za jua kali alowanishe mchanganyiko, autandaze kwa unene wa sentimita 15, aufunike kwa nailoni angavu na kubana kingo kwa udongo.

Mwenye haraka apike kwa mvuke. Chukua pipa, weka matofali ndani, mimina maji yasifike juu ya matofali, laza wavu, pakia udongo kwenye viroba juu yake, funika na uwashe moto. Katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kimoja cha wastani. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Usiendelee kuchochea baada ya hapo, kwa kuwa udongo uliopikwa kupita kiasi huachia chumvi nyingi zinazodhuru miche. Uache upoe na upumzike wiki moja.

Kama unatumia kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, ioshe kwa maji baridi mara mbili tatu, kwani nyingine huja na chumvi. Kumbuka pia kwamba kokopiti peke yake haina chakula, hivyo utaanza kulisha mapema.

Umefaulu ikiwa ukikamata konzi ya udongo mbichi na kuuminya unashikana, ukiugusa kwa kidole unasambaratika, na hakuna maji yaliyochuruzika vidoleni.

## Hatua ya 3: Andaa mbegu

Mbegu za F1, yaani chotara za dukani, zilizopakwa rangi, nyekundu au buluu, zimewekwa dawa. Usiziloweke, na nawa mikono baada ya kuzishika.

Mbegu za nyumbani zichukuliwe kwenye tunda lililoiva kabisa, la mmea usio na majani yaliyokunjamana. Vaa glavu, pilipili mbuzi ikikuingia kwenye kucha utalala nayo. Zianike kivulini mpaka ukiikunja moja ivunjike. Ziloweke kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja kabla ya kusia. Usichukue mbegu kwenye tunda la F1 ukitegemea kupata kilekile ulichokula, wala kwenye hoho iliyolimwa ubavuni mwa pilipili ndefu kali: zinachavushana, na watoto wake huenda wakawasha.

Kama pakiti imekaa muda mrefu, weka mbegu 20 kwenye karatasi laini yenye unyevu, ndani ya kopo lililofunikwa. Zikiota chini ya 14, nunua nyingine, au sia mbilimbili.

## Hatua ya 4: Sia

Lowanisha udongo kwanza, halafu ndipo usie. Ukimwagilia baada ya kusia kwenye udongo mkavu, mbegu huelea na kukusanyika pembeni.

Toboa kwa ncha ya penseli kina cha nusu sentimita, kisichozidi sentimita moja. Mbegu moja kila tundu kwa F1, mbili kwa mbegu zako mwenyewe. Funika, kandamiza kidogo kwa kidole ili mbegu igusane na udongo, kisha tandika gazeti bichi juu.

Weka trei mahali pa joto la nyuzi 25 hadi 30. Pwani ni popote kivulini. Nyanda za juu, usiku iwe karibu na jiko, si juu yake. Usifunike kwa nailoni na kuiacha juani, utapika mbegu.

Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta. Sisimizi hubeba mbegu moja baada ya nyingine usiku kucha, asubuhi ukadhani hazikuota.

Hoho na pilipili ndefu huchomoza siku ya 7 hadi 12. Mbuzi na kichaa ni siku ya 10 hadi 21, na nyingine huchelewa zaidi. Usifukue kuchungulia.

Onyo: gazeti liondoke siku ileile unapoona shingo ya kwanza imechomoza. Ukilichelewesha hata siku mbili, miche hurefuka na kulegea ikitafuta mwanga, na urefu huo haurudi nyuma.

## Hatua ya 5: Lea kwa mwanga na kiu kidogo

Hapa ndipo msimu unapoamuliwa.

Mwanga. Tangu siku ya kwanza ya kuota, miche ipate jua la asubuhi. Neti ya kivuli itumike mchana tu, kuanzia saa nne hadi saa tisa. Kulea miche chini ya mwembe au ndani ya baraza kunaipa majani mapana mepesi na shina lisilo na nguvu. Machoni inapendeza, na ndiyo ile inayokufa shambani.

Maji. Mwagilia asubuhi, usimwagilie kwa saa bali kwa uzito. Inua trei ikiwa imetoka kunyweshwa, usikie uzito wake. Inua tena kesho yake. Ikiwa bado nzito, iache. Ikiwa nyepesi na udongo wa juu umebadilika rangi, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Udongo unaolowa kila wakati hauna hewa, na mizizi isiyopata hewa haikui. Mmea unabaki na mizizi mifupi juujuu hata kama majani ni mengi. Maji ya jioni huacha majani na shina vikiwa vibichi usiku kucha, na fangasi hupenda hivyo.

Kinyausi. Ugonjwa huu unatambulika kirahisi. Shina husinyaa pale linapogusana na udongo, likawa jembamba na la kahawia, mche ukalala ukiwa bado kijani. Jirani zake hufuata kesho. Ukiuona, ng'oa mche pamoja na udongo wa tundu lake, tupa mbali, acha kumwagilia mpaka juu pakauke, na fungua pande za kitalu upepo upite. Dawa ya fangasi hulinda iliyosalia, haifufui iliyolala.

Chakula. Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu, mviringo na laini. Subiri majani mawili halisi. Kisha yeyusha gramu 1 ya NPK 19:19:19 kwa lita moja ya maji, mara moja kwa wiki. Usitumie urea kitaluni. Itakuletea miche mirefu, laini, inayovutia vidukari.

Kuhamishia kwenye kopo. Pilipili mbuzi na kichaa, kwa sababu hukaa sana kitaluni, zihamishwe zikiwa na majani halisi 2 hadi 4. Shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, shina likibonyea mche umekwisha. Panda usawa uleule ulivyokuwa. Pilipili haioteshi mizizi shinani kwa wepesi kama nyanya, hivyo kuzika shina ni kulialika lioze.

Wadudu. Geuza majani kila baada ya siku mbili. Majani yaliyojikunja kwenda juu mara nyingi ni thripsi, vidudu vidogo vyembamba vinavyofyonza majani. Yaliyojikunja kwenda chini na kuwa magumu ni utitiri. Inzi weupe na vidukari hunyonya na kuleta virusi, ndiyo maana neti ni muhimu kuliko dawa. Mche wenye madoadoa ya njano na majani yaliyodumaa, ng'oa. Na anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu virusi vya tumbaku hushambulia pilipili na husafiri mikononi.

Umefaulu ikiwa mche una kimo cha sentimita 12 hadi 15, majani halisi 5 au 6, shina nene kiasi cha penseli ndogo, na nafasi kati ya jani na jani ni fupi.

## Hatua ya 6: Komaza miche kwa siku kumi

Wengi huruka hatua hii kabisa, kisha wanashangaa. Jani lililokulia kivulini lina ngozi nyembamba isiyozuia maji kutoroka. Linahitaji muda wa kujenga ngozi nene, na muda huo hauna njia ya mkato.

- Siku ya 1 na 2: jua kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha kivulini.
- Siku ya 3 na 4: hadi saa tano.
- Siku ya 5 na 6: hadi saa tano, kisha tena kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua kuzama.
- Siku ya 7 na 8: mchana wote, isipokuwa saa sita hadi saa nane.
- Siku ya 9 na 10: nje usiku na mchana, bila kivuli.

Siku ya mawingu usiihesabu. Ikinyesha siku mbili mfululizo, rudia hatua uliyoishia. Miche isipigwe na mvua kubwa ya masika, lakini upepo ipigwe, kwani kuyumbishwa huimarisha shina.

Kipindi hichohicho, sitisha mbolea na punguza maji. Subiri majani yaanze kulegea kidogo tu, ndipo umwagilie. Yakining'inia kabisa umevuka mpaka. Baadhi ya wakulima hukata maji ghafla siku tatu wakidhani ndiko kukomaza. Hilo hudumaza mche, na pilipili iliyodumaa utotoni huchelewa kuzaa.

Mabaka meupe makavu kama karatasi juu ya majani ni kuungua na jua. Usiukate mche wala usiupulizie dawa. Urudishe hatua mbili nyuma kwenye ratiba. Majani yaliyoungua yatabaki hivyo, mapya yatatoka yakiwa yamezoea.

Walioko kwenye baridi, rudisheni trei ndani usiku ukishuka chini ya nyuzi 13.

Umefaulu ikiwa saa saba mchana, juani, majani yamesimama. Yatakuwa na kijani kilichokolea zaidi, na ukiligusa jani utalisikia gumu. Ukiinamisha mche kwa kidole, unarudi wenyewe.

## Hatua ya 7: Andaa mashimo miche ikiwa bado inakomaa

Epuka eneo lililolimwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo au tumbaku ndani ya miaka 3. Zote ni ukoo mmoja na pilipili, hugawana magonjwa. Palipotoka mahindi au mikunde panafaa.

Udongo wa mfinyanzi uinuliwe matuta ya sentimita 20 hadi 30. Pilipili huvumilia kiu kuliko miguu iliyokaa majini.

Nafasi ya hoho na pilipili ndefu ni sentimita 75 kati ya mistari na 45 kati ya mimea, ambayo ni kama miche 12,000 kwa eka. Mbuzi hutanuka, ipe 90 kwa 60, kama miche 7,500.

Chimba sentimita 20 kwenda chini na 20 upana. Wiki moja kabla, changanya konzi 3 za samadi iliyooza na udongo wa shimo. Siku ya kupanda weka DAP kifuniko kimoja cha soda chini, changanya, kisha funika kwa udongo wa sentimita 5. Mzizi ukikutana na DAP tupu unaungua.

## Hatua ya 8: Pandikiza jioni

Anza saa kumi jioni. Mche unapata usiku mzima wa kunywa kabla haujaonana na jua.

1. Mwagilia trei saa moja kabla, ili donge la udongo litoke zima.
2. Sukuma tundu kutoka chini. Usivute shina.
3. Tazama mizizi. Myeupe iliyoshikilia udongo ni mizuri. Ya kahawia na telezi, tupa mche huo. Iliyojizungusha chini, itawanye kidogo kwa vidole.
4. Weka usawa uleule wa kitaluni, rudishia udongo, bana kwa viganja viwili pasibaki mwanya wa hewa.
5. Mimina lita moja ya maji polepole.
6. Zungushia shina kipande cha karatasi ngumu, nusu yake kikizama udongoni. Hiki ni kinga ya sota, yule kiwavi anayekata miche usiku.
7. Chomeka kuti upande wa magharibi kwa siku 3 au 4, ili jua la alasiri lisiupige mche moja kwa moja.

Miche dhaifu usiipande kwa huruma. Itakula mbolea na maji, na ndiyo itakayougua kwanza na kuambukiza shamba.

## Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza

Siku 4 za mwanzo mwagilia kila asubuhi. Baadaye nenda kila baada ya siku 2 au 3, lakini maji mengi kwa mara moja, mizizi ifuate chini. Tandaza nyasi kavu, ziwe mbali na shina kwa sentimita 5.

Kulegea saa saba na kusimama tena jioni ni kawaida kwa siku chache. Mche uliolegea asubuhi na mapema ilhali udongo una unyevu ni habari nyingine. Kata shina lake karibu na ardhi, tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe wa maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, usimwagilie kwa mfereji unaopita hapo kwenda kwa mimea mingine, na jembe lililogusa shimo hilo lioshwe.

Rudishia mapengo ndani ya siku 10 kwa ile ziada uliyobakiza kitaluni. Ukichelewa, miche mipya itafunikwa na mikubwa.

Maua yanayotokea mche ukiwa bado mfupi, yatoe yote. Inauma kuyachuma, lakini tunda la mapema husimamisha ukuaji wa mmea mzima. Acha yanayokuja baada ya kimo cha sentimita 30 na tawi la kwanza kugawanyika.

Ukiona jani jipya la kijani cha kung'aa kileleni, kati ya siku ya 7 na ya 14, mizizi imeshika. Subiri hadi wiki ya 3 au ya 4 tangu kupandikiza, ndipo uweke mbolea ya kukuzia ya CAN kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche, kwa kuizungushia umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, kwenye udongo wenye unyevu, na kuifukia.